Kulala Jirani ya Simba

Kila safari ina usiku wake, na kila usiku una swali lake. Mchana msafiri huuliza njia. Usiku huuliza usalama. Jua liwapo juu, ugeni ni mzigo mwepesi, kwa kuwa macho huona mbali na miguu huweza kukimbia. Jua litualapo, mtu hujilaza chini, hufumba macho, na kuuacha mwili wake mikononi mwa giza. Akiwa nyumbani, giza hilo huzuiwa na ukuta, mlango na komeo. Akiwa porini, huzuiwa na kitambaa cha hema tu. Na ikiwa pori hilo lina simba, fisi, ndovu au kiboko, swali la msafiri huacha kuwa la starehe likawa la uhai.

Swali nitakalo tulitazame pamoja ni hili: Je, mtu alalaye kwa hiari karibu na mnyama awezaye kumuua ni shujaa, ama ni mjinga? Na likitokea la kutokea, lawama ni ya nani?

Msomaji mpenzi, labda utasema kwamba swali hili halimhusu kijana wa Mombasa. Mji wetu ni kisiwa. Ukikaa jioni chini ya mibuyu ya Mama Ngina, uonacho mbele yako ni bahari, na mawimbi yapigayo miamba, na meli kubwa ziingiazo Kilindini kwa mwendo wa taratibu. Kando yako wapo wauza madafu na mihogo. Ukirejea Mji wa Kale utapita vichochoro ambamo paka ndiye mnyama mkali kuliko wote. Simba yu wapi hapo?

Yu karibu kuliko udhanivyo. Mto Tsavo uko yapata kilomita 210 kutoka kisiwani kwa njia ya reli. Sehemu ya maji tunywayo Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, mahali ambapo viboko na mamba ni wenyeji na binadamu ni mgeni. Shule nyingi hupeleka wanafunzi huko kutazama wanyama, na vijana wengi wamalizapo masomo huchukua mahema yao wakaenda kulala penye nyota na ngurumo. Basi swali hili ni letu, na historia yake ilianzia hapa hapa kisiwani.

Mwaka 1896 kazi ya kujenga reli ya kwenda Uganda ilianza Mombasa. Serikali ya Kiingereza ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, wakashuka katika bandari yetu kwa mkataba wa kazi. Walivuka nyika ya Taru isiyo na maji, na mwanzoni mwa mwaka 1898 wakafika mto Tsavo, ambapo palitakiwa daraja. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa afisa aitwaye John Henry Patterson, aliyefika mwezi wa Machi mwaka huo. Makambi ya vibarua yalitandazwa kando ya reli kwa masafa marefu. Muda si muda, simba wawili madume, wasio na manyoya ya shingoni, walianza kuingia mahemani usiku na kuchukua watu.

Mambo yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, hata yametengenezewa filamu. Vibarua walijenga maboma ya miiba, simba wakayapenya. Waliwasha mioto na kupiga madebe usiku kucha. Simba wakaja vilevile. Hospitali ya kambi ilivamiwa, ikahamishwa mahali pengine, na mahali hapo pengine pakavamiwa pia. Watu wakalala juu ya miti, wengine juu ya matangi ya maji, wengine wakachimba mashimo ndani ya mahema yao na kuyafunika kwa magogo. Mwanzoni mwa Desemba mamia ya vibarua walilala juu ya reli ili kulisimamisha garimoshi, wakalipanda na kurejea Mombasa. Kazi ya daraja ikasimama kwa muda wa majuma yapata matatu. Simba wa kwanza aliuawa na Patterson tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 ya mwezi huo. Ngozi zao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, na wanyama hao wangali wakitazamwa huko hata leo.

Hicho ndicho kisa. Hebu sasa tuulize maswali ambayo msimuliaji wa hadithi ya uwindaji huyapita mbio.

La kwanza ni hili: Je, simba wale walikuwa waovu? Vibarua wengi waliamini kuwa hawakuwa simba bali mashetani. Hatuna haki ya kuwacheka. Mtu aonapo mwenzake ametolewa hemani, hatua chache kutoka mahali alipolala yeye, huwa hana nafasi ya kupima mambo kwa mizani ya mwalimu. Walakini sisi tulio mbali na giza lile twaweza kupima. Wataalamu waliochunguza mafuvu ya wanyama hao waligundua kwamba mmoja wao alikuwa na chonge lililovunjika, na mzizi wake umeoza kwa usaha. Mnyama wa namna hiyo hupata taabu kumkaba nyati au pundamilia. Tena, katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imeangamiza ng'ombe na nyati kwa wingi katika Afrika Mashariki, na ukame ulizidisha dhiki. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, wa nywele zilizokwama katika meno ya simba hao, ulionyesha kwamba walikula twiga, pundamilia, choroa, kuro na nyumbu, na binadamu pia. Maana yake ni kwamba kwa simba yule binadamu hakuwa adui, wala hakuwa bwana wa viumbe. Alikuwa nyama miongoni mwa nyama, na tena nyama iliyo rahisi kushikwa.

Uovu wataka nia, na nia yataka ujuzi wa haki na batili. Simba hana ujuzi huo. Hawezi kuapa, hawezi kuvunja ahadi, hawezi kutubu. Twaweza kumuogopa, na ikibidi twaweza kumuua ili kuokoa maisha, lakini hatuwezi kumshitaki. Kumwita mnyama muuaji ni kumvika kanzu asiyoweza kuivaa. Ikiwa ndivyo, penye hatari kati ya mtu na mnyama, upande mmoja haujui na upande mmoja wajua. Deni lote huangukia upande ujuao. Ishike kanuni hiyo, msomaji, kwa kuwa yote nitakayosema baada ya hapa yamejengwa juu yake: ajuaye ndiye adaiwaye.

Swali la pili ni hili: Nani alijua, na nani alichagua? Patterson alikuwa na bunduki, na mshahara mkubwa, na uhuru wa kuandika barua ya kujiuzulu. Ujasiri wake haukanushiki. Alikesha usiku mwingi juu ya miti na jukwaa bovu la mbao akimngoja mnyama aliyekuwa akimngoja yeye. Lakini kibarua hakuwa na bunduki. Mkataba wake ulitaja kazi na ujira, haukumtajia simba. Alipolala katika hema lake usiku wa Tsavo hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa anapumzika ili kesho abebe mawe. Hatari ya afisa ilikuwa hatari aliyoiendea. Hatari ya kibarua ilikuwa hatari aliyowekwa ndani yake. Na waliposimamisha garimoshi wakaondoka, wako waliowaita waoga. Mimi siwaiti hivyo. Mtu aliyekataa kufa kwa ajili ya jambo ambalo hakuambiwa na hakuliridhia hakukimbia wajibu wake. Wajibu ndio uliokuwa umemkimbia yeye.

Tazama pia hesabu ya waliokufa. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson alitaja vibarua wa Kihindi 28, na Waafrika wengi ambao idadi yao haikuwekwa. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na nywele za simba hao walikadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35. Mtu mwepesi atasema kwamba tofauti ya tarakimu hizi ni jambo la wanahistoria. Sivyo. Wahindi 28 walihesabiwa kwa kuwa majina yao yalikuwa katika daftari la mishahara. Mwafrika aliyechukuliwa usiku uleule, penye mto uleule, hakuwa katika daftari, basi hakuwa katika hesabu. Leo twajua urefu wa simba kutoka puani hadi mkiani kwa futi na inchi, na hatujui majina ya wengi wa watu aliowala. Simba hakubagua, daftari ndilo lililobagua. Hapo ndipo uonapo kwamba hatari ya porini haitokani na porini peke yake. Hutokana pia na mizani ambayo wanadamu hutumia kupimia thamani ya wenzao.

Wala usidhani kwamba jambo hilo limepita pamoja na mwaka 1898. Mbuga ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na leo pande zake mbili, Mashariki na Magharibi, zina eneo lipitalo kilomita za mraba 20,000. Kandokando yake wanaishi watu: Wataita wa Sagalla na Kasigau, Wakamba, na wengineo. Ndovu akivuka mpaka, hasomi kibao. Huingia shambani usiku mmoja akala mahindi ya mwaka mzima. Mkulima atokaye kumfukuza kwa debe na kurunzi hulala jirani ya mnyama hatari kila siku ya maisha yake, na hakuna amwitaye shujaa wala apigaye picha hema lake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Sheria hiyo ni njema, lakini jamaa wengi walingoja miaka mingi bila kulipwa. Huko Sagalla wakulima wengine wamezungusha mashamba yao ua wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki. Hiyo ni akili ya mtu anayejua kwamba hawezi kuondoka wala hawezi kumwondoa jirani yake, basi hutafuta njia ya kuishi naye.

Sasa waona, msomaji, kwamba watu walalao jirani ya simba ni wa namna tatu. Yuko aliyepelekwa, kama kibarua wa Tsavo. Yuko aliyezaliwa hapo, kama mkulima wa Sagalla. Na yuko aliyekwenda kwa hiari yake, kwa siku mbili au tatu, kisha akarudi kwao. Wewe na mimi, tukichukua hema letu kutoka Mombasa, tu katika namna hiyo ya tatu. Hatukulazimishwa na mtu, hatukuzaliwa hapo, na nauli ya kurudi i mfukoni. Kwa hiyo, katika wote watatu, sisi ndio tudaiwao zaidi na ndio tuwezao kujisifu kidogo zaidi.

Hapa nafika penye swali la ushujaa. Vijana hupenda neno hili, na si vibaya kulipenda. Lakini ushujaa una ndugu afananaye naye kwa sura, na jina lake ni upumbavu wa makusudi. Wote wawili huenda penye hatari. Shujaa huenda kwa kuwa kuna kitu chenye thamani upande wa pili wa hatari, na huenda akiwa ameipima. Mpumbavu huenda kwa ajili ya hatari yenyewe, au kwa ajili ya macho ya wamtazamao, naye hakupima kitu. Shujaa akiona haja imekwisha hurudi. Mpumbavu hawezi kurudi, kwa kuwa anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufa. Na tazama ajabu hii: yule amwitaye mwenzake mwoga ndiye mwenye woga mkubwa zaidi, ila woga wake ni wa watu, si wa simba.

Wako wadhanio kwamba silaha hutosha kumwondolea mtu haja ya kuwa mwangalifu. Na wasikie habari ya Kima. Mwezi wa Juni mwaka 1900, afisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alisimamisha behewa lake katika stesheni ya Kima, yeye na wenzake wawili, ili wamvizie simba aliyekuwa akiwala watu mahali pale. Walikuwa na bunduki, walikuwa na paa juu yao na mbao kila upande, na walipanga zamu za kukesha. Zamu ya Ryall ilipofika usingizi ulimshinda. Simba aliingia behewani kwa mlango, akamuua, akatoka naye kwa dirisha. Wawindaji wakawa windo. Sisemi hivyo ili kumlaumu marehemu. Usingizi ni bwana wa wafalme na wa walinzi. Nasema ili ujue kwamba usalama wa kambi haumo katika chuma wala katika mbao. Umo katika watu walio macho, na katika kanuni ndogondogo zishikwazo usiku wote, si nusu yake.

Kanuni hizo huenda ukaziona kuwa za kitoto. Askari wa mbuga atakwambia usiingize chakula hemani. Atakwambia ufunge hema lako mpaka chini, usitoke usiku peke yako, usipige kambi juu ya njia ya viboko iendayo mtoni, usimpe nyani hata ganda la ndizi, na machungwa na maembe usiyalaze karibu na kichwa chako, kwa kuwa ndovu huyanusa kwa mbali na huyapenda kama tuyapendavyo sisi. Kijana husikia hayo akatabasamu. Hudhani kwamba kanuni hizi zinamlinda yeye, na kwa kuwa yeye haogopi, basi ana hiari ya kuzivunja. Hapo ndipo akoseapo.

Fikiri pamoja nami. Kijana mmoja atupa mifupa ya kuku nyuma ya hema. Usiku huo fisi huja, hula, huenda zake. Kijana hadhuriki, na asubuhi husimulia kwa kicheko. Lakini fisi amejifunza. Amejifunza kwamba harufu ya binadamu ni harufu ya chakula. Wiki ya pili familia nyingine yapiga kambi mahali pale pale, pamoja na mtoto mdogo. Fisi huja tena, na safari hii hapana mifupa nyuma ya hema. Kikitokea kilio, askari ataitwa kuingia gizani kwa ajili ya watu asiowajua, na kesho yake fisi atapigwa risasi kwa kosa la kujifunza alilofundishwa. Hesabu sasa walioumia: mtoto, wazazi wake, askari aliyehatarisha maisha yake, na mnyama. Yule mtupaji mifupa yuko Mombasa anakunywa chai, na wala hana habari. Alidhani anacheza na maisha yake. Kumbe alikuwa anacheza na ya wengine.

Ukitaka ushahidi wa karibu, tazama kunguru wa mji wetu. Ndege huyu si mwenyeji wa pwani hii. Asili yake ni India. Ameongezeka kwa sababu moja kubwa: mabaki yetu. Mahali tulapo na kutupa, yeye hustawi. Kunguru hamli mtu, basi twacheka tu anapotunyakulia kipande cha mkate. Lakini somo la kunguru na somo la fisi ni somo moja, na mwalimu wao ni mmoja, naye ni sisi.

Basi hukumu yangu ni hii. Mtu ana haki ya kuhatarisha kilicho chake, kwa kipimo, na kwa ajili ya jambo lenye maana. Hana haki ya kuhatarisha kilicho cha mwenziwe. Na kwa kuwa penye kambi hakuna hatari iliyo ya mtu mmoja peke yake, yapasa kila mlalaji ajihesabu kuwa mlinzi wa wote. Avunjaye kanuni kwa kusema "shauri yangu" amesema uongo, hata kama ulimi wake haujui.

Msomaji mwenye akili atanipinga hapa. Atasema: "Mwalimu, ikiwa mambo ni hayo, je, si heri tusiende kabisa? Tukae Mama Ngina tunywe madafu, tuwaachie simba pori lao." Hoja hiyo ina nguvu, nami siidharau. Kwa mtu asiyeweza kutii, kukaa nyumbani ni sadaka njema anayowapa binadamu na wanyama. Lakini kwa wengine wote nina majibu mawili.

La kwanza, hatuwezi kuhifadhi tusichokijua. Maji ya Mzima huanguka kama mvua juu ya vilima vya Chyulu, huzama katika miamba ya volkeno, hupita chini ya ardhi, kisha hutokeza wazi kabisa kama kioo penye viboko. Mtu aliyeyaona kwa macho yake, akalala jirani yake, akasikia usiku kiboko akivuma majini, hafungui mfereji wa nyumbani kwake kwa moyo uleule tena. Anajua sasa kwamba kunywa kwake na kuishi kwa pori lile ni habari moja. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilijengewa njia za wanyama kupita chini yake. Hayo ni mema, lakini sheria na madaraja hudumu kwa muda ambao wananchi hujali tu. Na mtu hujali alichokaa nacho.

La pili, kuna fundisho ambalo mjini halipatikani kwa urahisi. Mjini kila kitu kimepangwa kwa ajili ya mtu: taa kwa macho yake, lami kwa miguu yake, saa kwa shughuli zake. Polepole huanza kuamini kwamba dunia yote ni mtumishi wake. Porini, simba angurumapo usiku, imani hiyo huvunjika kwa pigo moja. Mtu hukumbuka kwamba yeye naye ni nyama na damu, kwamba yuko ugenini, na kwamba anaishi kwa ustahamilivu wa wenyeji wake. Hilo ni jambo zito, lakini halidhalilishi. Mgeni mwema katika nyumba ya mtu haketi asipoambiwa, hafungui milango ya ndani, hali kisicho chake, wala hatoki akiacha uchafu nyuma. Wenzetu wa pwani wamelea adabu hiyo ya ugeni kwa karne nyingi. Kinachotakiwa ni kuivusha kutoka barazani mpaka porini.

Wala adabu hiyo haina mipaka ya mbuga. Vijana wajirushao baharini kutoka miambani, mahali penye kina na mkondo wa nguvu, ili watazamwe na wapitao njia, wanaulizwa swali lilelile aulizwalo mwenye hema. Bahari haina nia mbaya, kama simba asivyo nayo. Haijui jina lako, haijui kwamba mamako anakungoja, haijui kwamba wewe ulikuwa unafanya mzaha tu. Mvuvi atakayeacha wavu wake ili akutoe majini ana watoto pia. Ajuaye ndiye adaiwaye. Na kati yako na bahari, ajuaye ni mmoja.

Kwa hiyo, siku utakapofunga mzigo wako kwa safari ya namna hii, jiulize mambo matatu kabla hujaufunga. Jiulize kwanza: Je, nimejifunza vya kutosha habari za mahali niendapo, ama najiamini kwa sababu sijui? Kisha jiulize: Je, kila nitakayekuwa naye ameichagua hatari hii kama nilivyoichagua mimi, ama kuna aliyevutwa kwa aibu, kwa amri au kwa ujira? Mwisho ujiulize: Nikikosea, nani atakayelipa? Ukiona kwamba atakayelipa ni mwingine, mdogo wako, mpishi wa kambi, askari wa zamu, mtu atakayekuja baada yako, au mnyama asiyeweza kujitetea, basi rekebisha mpango wako mpaka deni likurudie mwenyewe.

Na ukishalala huko, ukasikia ngurumo mbali gizani, usione haya kuogopa. Hofu hiyo ni ya kweli, na ni mlinzi asiyelipwa. Iache ikufunge hema vizuri, ikutilie kuni motoni, ikukumbushe kuhesabu wenzako kama wote wamo. Kisha lala. Asubuhi utaona nyayo zake mchangani, pana kuliko kiganja chako, zimepita kando ya kambi na kuendelea mtoni. Alikuja, akanusa, hakuona cha kumwita, akaenda zake. Hakuna atakayekusifu kwa usiku huo, wala gazeti halitauandika, na vizazi havitausimulia. Huo ndio ushindi bora awezao kuupata mtu alalaye jirani ya simba: kwamba asubuhi ifike, na wote wawili wangali hai.